Sajili ya Ujenzi: Lugha ya Mkataba na Hatima ya Kibarua

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa sajili, aghalabu fikira zake humkimbilia hospitalini, mahakamani, sokoni, bungeni au katika nyumba za ibada. Sajili ya ujenzi hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huishia kuwa orodha ya zana: mwiko, pimamaji, timazi, karai, toroli na ngazi. Hali hii inashangaza kwa kuwa mahali pa ujenzi, ambapo wakaazi wa miji ya Kenya hupaita mjengo, ni miongoni mwa mahali panapokutanisha lugha nyingi kwa wakati mmoja. Mkataba huandikwa kwa Kiingereza, amri hutolewa kwa Kiswahili, mafundi hutaniana kwa lugha zao za kwanza, na katika miradi mikubwa ya miaka ya hivi karibuni Kichina nacho kimesikika.

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi mradi wa ujenzi unavyosimamiwa kwa mujibu wa mkataba, na kuonyesha kwamba usimamizi huo kwa kiasi kikubwa ni suala la lugha. Hoja kuu ni kuwa katika mjengo mtu hupata au hupoteza haki yake kutegemea kile kilichoandikwa, lugha kilichoandikwa kwayo, na siku aliyokiandika. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Swali linalofaa kuwashughulisha wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni hili: daftari hilo linasomwa na nani?

Maneno na Historia Yake

Yafaa kuanza na istilahi zenyewe kwani zina mengi ya kusimulia. Neno mkataba lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Yote yanatokana na mzizi unaohusu kuandika. Kwa hivyo, tangu asili yake, mkataba ni jambo lililoandikwa, si maneno ya mdomoni tu. Neno kandarasi lilitoholewa kutoka Kiingereza na likazaa mkandarasi, yaani mtu au kampuni inayochukua kazi ya kujenga kwa malipo yaliyokubaliwa. Zabuni nayo ilitoka Kiarabu, na leo hutumiwa kwa maana ya bei ambayo mshindani huitaja ili apewe kazi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ujenzi ulikuwa na msamiati wake hata kabla ya istilahi hizi mpya. Kujenga kwa mawe kuliitwa kuaka, na mjenzi wa mawe akaitwa mwashi. Miti ya mikoko ilipangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Upana wa chumba katika nyumba za mawe za Lamu ulitegemea urefu wa boriti, kwa hivyo vyumba vingi vilikuwa virefu lakini vyembamba. Aliyeagiza boriti na aliyeziuza walielewana kwa neno moja tu, kwa sababu neno hilo lilibeba kipimo ndani yake. Huu ni ushahidi kwamba Kiswahili kimewahi kuwa lugha kamili ya ujenzi, si lugha ya kubebea zana peke yake.

Neno linalotia fikira zaidi ya yote ni kibarua. Kwa umbo lake, kibarua ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti kidogo cha kuthibitisha kazi yake, na kwa cheti hicho akalipwa ujira. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Wanaisimu hulitaja badiliko la namna hii kuwa taashira, yaani kitu kuitwa kwa jina la kingine kinachohusiana nacho. Kibarua, basi, ni mtu aliyeitwa kwa jina la mkataba wake. Kinaya ni kwamba kibarua wa leo huingia mjengoni asubuhi na kutoka jioni bila karatasi yoyote mkononi. Jina limebaki, barua imepotea.

Historia ya Kenya imejaa karatasi za kazi. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 na wafanyakazi takriban 32,000 walioletwa kutoka India kwa mikataba ya miaka 3. Karibu 2,500 kati yao walifariki. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, hati iliyoonyesha alikuwa mwajiriwa wa nani. Karatasi hizo zilimfunga mfanyakazi kuliko zilivyomlinda. Huenda hii ni sababu mojawapo ya watu wengi kuiogopa hati hata inapokuwa ya manufaa kwao.

Wahusika wa Mkataba

Mradi wa ujenzi ni kama tamthilia yenye wahusika maalum, na kila mmoja ana dhima yake. Wa kwanza ni mwenye mradi, anayetaka jengo na anayetoa fedha. Wa pili ni mkandarasi anayejenga. Kati yao husimama wataalamu: msanifu majengo anayechora jengo, mhandisi anayekokotoa uwezo wa nguzo na mihimili kubeba uzito, na mkadiriaji majenzi anayepima kazi na kukadiria gharama zake. Chini ya mkandarasi wamo wakandarasi wadogo wa umeme, mabomba na kazi nyingine. Chini yao wako mafundi, watu wa mkono na vibarua, wakiongozwa na nyapara.

Hapa tayari pana utata wa istilahi. Katika mikataba ya Kiingereza, mwenye mradi huitwa kwa neno ambalo tafsiri yake ya moja kwa moja ni mwajiri. Kwa kibarua, hata hivyo, mwajiri ni yule anayemlipa jioni, yaani mkandarasi au nyapara wake. Mfasiri akiandika kwamba mwajiri ndiye atakayegharamia bima, mkandarasi atasoma hivi na kibarua atasoma vile. Tafsiri iliyo salama ni mwenye mradi. Mfano huu mdogo unabainisha kuwa kutafsiri mkataba kunahitaji zaidi ya kamusi, kwani mfasiri hana budi kujua nani yuko wapi katika mjengo.

Nchini Kenya mikataba ya ujenzi haitungwi upya kila mara. Kwa majengo ya watu binafsi, masharti yanayotumika sana ni yale yaliyotolewa mwaka 1999 na baraza la pamoja la wasanifu na wakandarasi. Kwa miradi mikubwa, hasa inayofadhiliwa na mabenki ya kimataifa, hutumiwa masharti ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, lijulikanalo kwa kifupi kama FIDIC. Shirikisho hilo liliasisiwa mwaka 1913, na kitabu chake chekundu cha masharti kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, kikarekebishwa mara kadhaa yakiwemo matoleo ya mwaka 1999 na 2017. Kwa upande wa sheria, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo husajili wakandarasi katika madaraja 8.

Safari ya Mradi na Fedha Zake

Mradi huanza kwa michoro na orodha ya kazi, vipimo na bei. Katika orodha hiyo kila kitu huandikwa: mita za ujazo za udongo utakaochimbwa, kilo za vyuma, mita za mraba za lipu. Zabuni hutangazwa na washindani hutaja bei. Kwa kazi za umma, Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinadai utaratibu ulio wa haki, usawa, uwazi, ushindani na unaozingatia gharama. Atakayeshinda hutia sahihi mkataba na kuleta dhamana ya utekelezaji, kwa kawaida kutoka benki au kampuni ya bima, ili mwenye mradi asipate hasara kazi ikiachwa njiani.

Kazi ikianza, malipo hayatolewi kwa mkupuo. Kila mwezi, au kila baada ya hatua iliyoafikiwa, kazi iliyofanyika hupimwa na cheti cha malipo hutolewa. Sehemu ya fedha hizo huzuiliwa, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, iwe rehani ya ubora wa kazi. Chukulia kwamba cheti ni cha Sh10,000,000 na kiwango cha zuio ni asilimia 10. Mkandarasi atapokea Sh9,000,000, na Sh1,000,000 itabaki. Kwa kawaida nusu ya fedha zilizozuiliwa hulipwa jengo linapopokelewa, na nusu ya pili baada ya kipindi cha matazamio, ambacho aghalabu huwa miezi 6 au mwaka mmoja. Katika kipindi hicho mkandarasi hulazimika kurekebisha kwa gharama yake kasoro zitokanazo na kazi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkataba umeigeuza methali hiyo kuwa sharti lenye tarehe.

Muda nao una bei. Mkataba hutaja siku ya kumaliza na kiasi ambacho mkandarasi atalipa kwa kila siku atakayochelewa. Ikiwa kiasi hicho ni Sh50,000 naye akachelewa siku 40, atakatwa Sh2,000,000. Ndiyo maana msimamizi wa mradi hupanga kazi kwa mfuatano na kuchunguza ni kazi zipi zikichelewa zitauchelewesha mradi mzima. Kupaka rangi chumba kimoja kunaweza kungoja wiki moja pasiwe na madhara. Kuchimba msingi hakuwezi kungoja, kwa maana ukuta hauanzi bila msingi na paa halianzi bila ukuta.

Siku Ishirini na Nane

Idadi ya siku 28 hujitokeza mara mbili katika sajili ya ujenzi, na maana zake mbili zinafaa kulinganishwa. Kwanza, konkriti iliyomwagwa haipati nguvu zake siku hiyo hiyo. Vipande vya majaribio hutengenezwa kutokana na mchanganyiko ule ule uliomwagwa, vikahifadhiwa majini, na kwa kawaida hupondwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Matokeo ya siku ya 28 ndiyo yanayotumiwa kuamua kama nguzo ina nguvu iliyokusudiwa na mhandisi.

Pili, chini ya masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, mkandarasi anayetaka kuongezewa muda au fedha hana budi kutoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu alipolijua, au alipopaswa kulijua, tukio linalompa haki hiyo. Asipofanya hivyo hupoteza haki ya muda na haki ya malipo. Tuseme mwenye mradi amechelewa kukabidhi sehemu ya kiwanja. Mkandarasi akilalamika kwa mdomo mkutanoni, mhandisi akatikisa kichwa kwa huruma, kisha barua ikaandikwa siku ya 40, huruma ile haina thamani. Kampuni nyingi hushindwa katika madai ya namna hii, si kwa kuwa hazikupata hasara, bali kwa kuwa hazikuandika kwa wakati.

Kwa hivyo, usimamizi wa mkataba kwa sehemu kubwa ni kazi ya uandishi: shajara ya kila siku, kumbukumbu za mikutano, barua za taarifa, amri za mabadiliko na vyeti. Amri ya mabadiliko iliyotolewa kwa mdomo, kwa mfano kuhamisha mlango au kuongeza choo, inapasa kuthibitishwa kwa maandishi. La sivyo, siku ya malipo kila mmoja atakumbuka lake.

Lugha Inayotawala

Masharti hayo hayo ya FIDIC yana kifungu kuhusu lugha. Kwa ufupi, mkataba hutaja lugha inayotawala. Kukiwa na nakala za lugha mbili zinazohitilafiana, ya lugha inayotawala ndiyo itakayofuatwa. Hutajwa pia lugha ya mawasiliano, na isipotajwa, lugha ambayo sehemu kubwa ya mkataba imeandikwa huchukua nafasi hiyo. Aidha, mwakilishi wa mkandarasi na wale anaowakasimu madaraka yake hudaiwa kuimudu lugha hiyo ya mawasiliano.

Msomaji makini ataona kwamba sharti la umilisi wa lugha limewekwa juu, kwa wanaoandikiana barua. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ni mfano mwafaka. Barabara hiyo ya takriban kilomita 50 ilijengwa kati ya mwaka 2009 na 2012 kwa fedha za Serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China. Kazi iligawanywa katika sehemu 3, na kila sehemu ikapewa kampuni ya ujenzi kutoka China. Katika mradi wa aina hii hati ya Kiingereza hutungwa ofisini, mkuu wa kazi huiwaza kwa Kichina, nyapara huitamka kwa Kiswahili na kibarua huitekeleza kwa mikono. Kila daraja la lugha ni nafasi ya maana kupotea.

Mfano ufuatao, ambao umebuniwa kwa minajili ya ufafanuzi, unaonyesha jinsi maana inavyoweza kupotea hata pale ambapo wote wanazungumza Kiswahili:

NYAPARA: Wewe kijana, hii ya nguzo umekoroga vipi?
KIBARUA: Moja kwa tatu kwa sita, mkubwa. Kama jana.
NYAPARA: Jana ilikuwa ya kutandika chini! Nguzo ni moja kwa mbili kwa nne.
KIBARUA: Sikuambiwa, mkubwa. Mliniambia nikoroge.
NYAPARA: Karatasi si iko ofisini?
KIBARUA: Iko, lakini ni ya Kizungu. Na mimi ofisini siingii.

Hesabu inayozungumziwa ni uwiano wa saruji, mchanga na kokoto. Mchanganyiko wa 1:3:6 una saruji kidogo, nao hutumika kutandika chini ya msingi. Ule wa 1:2:4 una saruji zaidi na kwa muda mrefu umetumika katika sehemu zinazobeba uzito. Kuupeleka wa kwanza mahali pa wa pili ni kupanda hatari ndani ya nguzo, hatari ambayo haionekani mpaka siku mzigo utakapozidi. Katika mazungumzo haya hakuna aliyesema uongo wala aliyekusudia uharibifu. Kilichokosekana ni karatasi inayosomeka pale pale inapohitajika.

Wakenya wameshuhudia majengo yakiporomoka mara kadhaa. Mnamo Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Nairobi liliwaangukia wafanyakazi waliokuwamo. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa 6 mtaani Huruma liliporomoka na kuua watu takriban 50. Haitakuwa haki kudai kwamba lugha ndiyo iliyoyaangusha. Tamaa, ukaguzi hafifu, ukiukaji wa sheria na vifaa duni hutajwa kila mara majengo yanapoanguka. Hata hivyo, kibarua asiyejua mchoro unadai nini hawezi kuwa shahidi wa ukiukaji wake. Anayechanganya saruji ndiye wa kwanza kujua kuwa imepungua, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Sheria Inasemaje Kuhusu Kibarua

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inagusa suala hili moja kwa moja. Kwa mujibu wa Kifungu cha 9, mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi unapasa kuandikwa. Mfanyakazi huonyesha ridhaa yake kwa kutia sahihi au alama ya kidole mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri. Iwapo hajui kusoma, au haielewi lugha ya mkataba, mwajiri anawajibika kuhakikisha kwamba anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, mahakama huweza kumhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki zinazoambatana na hadhi hiyo.

Pana tofauti kubwa kati ya siku moja ya kibarua na miezi sita ya kibarua yule yule kwa tajiri yule yule. Lakini atathibitishaje miezi hiyo sita ikiwa hana hata kijikaratasi? Hapo ndipo maana ya zamani ya neno kibarua inaporejea kudai nafasi yake. Cheti kidogo chenye jina, tarehe, kazi na ujira, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kutiwa sahihi kila jioni, kingeweza kuwa tofauti kati ya kupata fidia na kufukuzwa mikono mitupu, hasa mtu anapovunjika mguu kazini na kuambiwa hajulikani.

Je, Kiswahili Kinaweza?

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kubeba mikataba ya kiufundi. Dai hili limejibiwa na matumizi. Tanzania imekuwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa majina ya Kiswahili, na maneno kama mkadiriaji majenzi na kipindi cha matazamio hutumika huko bila taabu. Mwaka 2021 nchi hiyo ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kenya nayo, kupitia Kifungu cha 7 cha Katiba, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Tatizo halisi haliko katika msamiati bali katika sarufi, na hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Hoja 4 zinatosha kulifafanua.

Kwanza, kiambishi cha wakati ujao -ta- kina maana zaidi ya moja. Tukisema "mkandarasi atarekebisha nyufa," je, tunatabiri, tunaahidi au tunamlazimisha? Katika mkataba ni bora kuandika "ni wajibu wa mkandarasi kurekebisha nyufa."

Pili, kitenzi -weza huchanganya uwezo na ruhusa. "Mwenye mradi anaweza kusimamisha kazi" ni sentensi inayoweza kueleza nguvu zake au haki yake. "Mwenye mradi ana haki ya kusimamisha kazi" haimwachii mtu nafasi ya kubishana.

Tatu, kiambishi a- cha ngeli ya A-WA humrejelea mtu yeyote. Tazama sentensi hii: "Mkandarasi akimwarifu mhandisi kwa barua naye asijibu, atagharamia hasara." Nani atagharamia? Sarufi haisemi. Mkandarasi atasema ni mhandisi, na mhandisi atasema ni mkandarasi. Kwa upande wa vitu, ngeli za Kiswahili husaidia sana, kwani nguzo, jengo na kifaa havichanganyiki katika upatanisho wa kisarufi. Kwa upande wa watu, dawa ni kulirudia jina la mhusika hata kama mtindo utaonekana mzito. Katika ushairi marudio ni pambo, katika mkataba ni kinga.

Nne, kuna suala la saa na siku. Zabuni inayofungwa saa 4 asubuhi kwa Kiswahili ni ile ile inayofungwa saa 10 kwa hesabu ya Kiingereza. Mshindani aliyefika baada ya kisanduku kufungwa hawezi kujitetea kwa isimulinganishi. Ni lazima mkataba ueleze saa zinahesabiwa vipi, na kama siku ni siku za kalenda au siku za kazi. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999 yalilitambua hilo yalipofafanua kuwa siku ni siku ya kalenda.

Hoja hizi hazionyeshi udhaifu wa Kiswahili. Kiingereza nacho kina utata wake, na mawakili wamekula riziki kwa utata huo kwa karne nyingi. Zinaonyesha kwamba kila lugha inahitaji kufanyiwa kazi kabla haijawa lugha ya mkataba, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na wahandisi peke yao.

Mapendekezo

Yapo mambo ambayo idara na vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuyatenda. Wanafunzi wa isimujamii wanaopewa kazi ya kukusanya data ya sajili wapelekwe mjengoni, wasiishie sokoni na kwenye matatu. Wanafunzi wa tafsiri washirikiane na wenzao wa uhandisi, usanifu na sheria kuandaa faharasa ya istilahi za mkataba, kila istilahi ikiwa na maelezo na mfano wa matumizi. Aidha, kielelezo cha mkataba mfupi wa ukurasa mmoja kwa fundi na mwenye nyumba kingefaa watu wengi, kwa maana nyumba nyingi nchini hujengwa kwa makubaliano ya mdomo. Kielelezo hicho kitaje mambo machache: kazi ni ipi, vifaa vinanunuliwa na nani, bei ni kiasi gani na italipwa kwa awamu ngapi, kazi itakamilika lini, mabadiliko yatakubaliwa vipi, na mzozo utapelekwa kwa nani.

Mwisho, vipimo vya mchanganyiko na kanuni za usalama viandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa karibu na mahali pa kukorogea, si ndani ya ofisi ambayo kibarua haingii.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba mradi wa ujenzi unasimama juu ya misingi miwili, mmoja wa mawe na mwingine wa maneno. Msingi wa mawe hupimwa kwa timazi na pimamaji. Msingi wa maneno hupimwa kwa uwazi wa sentensi, kwa tarehe ya barua na kwa lugha ambayo mwenye kufanya kazi anaielewa. Imedhihirika pia kuwa Kiswahili kina msamiati na historia ya kutosha kubeba jukumu hili, mradi wataalamu wake wakubali kulishughulikia.

Kila asubuhi, katika malango ya mijengo, vijana husimama wakisubiri kuchaguliwa. Wakichaguliwa huitwa vibarua. Jina hilo linakumbusha deni: zamani aliyeitwa hivyo alikuwa na karatasi mkononi. Wasomi wa Kiswahili ndio wanaojua asili ya neno hilo kuliko watu wengine. Ni wajibu wao kusaidia kuirudisha barua kwa mwenyewe, iwe imeandikwa kwa lugha anayoweza kuisoma.